Blada, dambeli ama jimu: nini kitaharakisha gyaku-zuki?

BabaWaNyalenda
Habari zenu wote. Niko Kisumu. Kuna mashindano ya karate Nakuru baada ya wiki 5 na nina shilingi 4,000 tu za kutumia. Nimeambiwa mtu akifanya mazoezi ya nguvu kidogo kabla ya kupanda tatami (mkeka wa pambano), ngumi inatoka kwa kasi kuliko ya mtu aliyepasha mwili kwa kukimbia peke yake. Sasa nichague nini: mikanda ya mpira ya dukani, dambeli za mitumba nilizoziona Kibuye, ama nilipe jimu mwezi mmoja kwa ajili ya benchi, kule kusukuma chuma ukiwa umelala? Gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, ndiyo inachelewa. Nijibuni leo kama inawezekana, mwenye dambeli anasema kuna mtu mwingine anazitaka.

Mzee_wa_Makiwara
Mwenye dambeli siku zote ana mtu mwingine anayezitaka.

Umri gani? Mkanda wa rangi gani? Mtindo gani, kuna vyuma vimewahi kuguswa ama hapana? Na unataka kitu cha kufanyia mazoezi hizi wiki 5, ama kitu cha kutumia dakika chache kabla ya pambano? Hayo ni mambo mawili na umeyaweka kwenye sufuria moja.

Mimi kama ni pesa zangu: ubao mmoja, kamba ya katani, chimba shimo nyuma ya nyumba. Makiwara, huo ubao wa kupiga ngumi, haijawahi kumdanganya mtu.

BladaNaJasho
Makiwara atabeba kwa matatu mpaka Nakuru, mzee?

Ndugu, usinunue hata huo mkanda wa dukani. Nenda kwa fundi wa baiskeli yeyote Kondele, mwambie akupe tyubu iliyochoka, uikate iwe blada kama zile tunafungia mizigo kwa boda. Ifunge kwa nguzo usawa wa kifua, simama ukiipa nguzo mgongo, piga ngumi 5 kwa nguvu zote, pumzika, 5 tena, basi. Blada inakuvuta nyuma kwa mstari ule ule ambao ngumi inaenda mbele. Dambeli inavuta chini. Sasa wewe unapigana na mtu aliye mbele yako ama na sakafu?

Kiai_Kakamega
Mulembe. Hapo kwa dambeli nakubaliana naye, lakini tyubu kuukuu ikaguliwe kabla. Ikiwa na ufa mdogo hukatika ukiwa umeivuta mwisho, na inarudi moja kwa moja usoni. Mkanda wa dukani una hatari hiyo pia, ila angalau unajua umetoka wapi.

Benchi pia si mbaya, mimi natumia. Lakini siku ya mashindano utaibeba benchi kwa kichwa? Ndiyo maana watu wengi huishia kwa pushapu za kuruka, zile viganja vinaachana na sakafu. Bei yake ni sufuri.

Section58
Nakuru hapa. Ngojeni niwaambie yaliyonipata, ndipo mseme habari ya kupasha misuli.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye mashindano fulani, kumite (pambano la watu wawili) chini ya kilo 67. Karatasi ilisema tunaanza saa mbili asubuhi. Saa moja unusu mimi tayari nina jasho: nimeruka kamba, nimepiga raba, nimefanya pushapu za kuruka, dakika zangu nimezihesabu vizuri kabisa. Ngumi zilikuwa zinalia kwenye gi, yale mavazi ya karate. Halafu tukaambiwa tumngoje mgeni wa heshima. Tukangoja. Saa tatu, hakuna mgeni. Saa nne wakaamua kuanza na kata za watoto, yale maonyesho ya mtu mmoja bila mpinzani. Mimi nimekaa kwenye simiti, gi imeloa jasho, na baridi ya Nakuru ya asubuhi mnaijua. Saa saba kasoro nasikia jina langu, tatami ya pili.

Nikashtuka. Jamaa mmoja hapo kando alikuwa na dambeli za kilo 5, nikazinyakua, nikapiga ngumi kama hamsini hewani bila kuhema. Kufika katikati mikono imekuwa mizito kama nimechota maji kutwa. Nikarusha gyaku-zuki, ngumi ikapanda juu badala ya kwenda mbele, kwa sababu bega lilikuwa bado linabeba dambeli ambayo haipo. Kijana akaingia na kizami-zuki (ngumi ya mkono wa mbele), yuko, yaani pointi 1. Akarudia, yuko. Nikajaribu kumfukuza, nikala mawashi-geri (teke la kuzungusha) ya kichwa, pointi 3. Nilitoka 5–0. Kiwiko kiliuma wiki 3, maana nilikuwa nanyoosha mkono mpaka mwisho na kilo 5 ndani, bila kitu cha kuusimamisha isipokuwa kiungo chenyewe.

Mgeni wa heshima alifika nikiwa nafunga kamba za viatu.

BladaNaJasho
😂😂 Pole omera. Lakini hilo si kosa la mazoezi, ni kosa la mgeni.

Fizio_wa_Zamu
Ni kosa la saa, na hapo ndipo mambo yote yako. Misuli ikisukumwa kwa nguvu nyingi muda mfupi, kwa dakika kadhaa baadaye inaitika kwa urahisi zaidi. Ndani ya nyuzi zake kuna mabadiliko yanayoifanya iitikie kalsiamu upesi, na joto nalo limepanda. Lakini kazi hiyo hiyo imeleta uchovu. Vyote viwili vinakaa mwilini pamoja, ila uchovu ndio hutangulia kutoka. Ukipanda tatami mapema mno unakutana na uchovu, ukichelewa mno hata ile faida imeshaondoka.

Kwa vyuma vizito, anayefaidi kwa kawaida hufaidi kati ya dakika 5 na 10 baada ya kuviacha. Kwa raba nyepesi uchovu ni kidogo, kwa hivyo subira ni fupi. Tena faida yenyewe ni asilimia chache, na inamwendea zaidi mtu ambaye tayari ana nguvu na amezoea kunyanyua. Mgeni wa vyuma huchoka tu. Section58 alichofanya ni kupasha, kupoa, halafu kujichosha.

BabaWaNyalenda bado hujajibu mzee. Umri?

Bondia_Mstaafu
Nyinyi wa karate mnapenda hesabu. Hapa Nakuru tulikuwa na bondia Philip Waruinge: shaba ya Olimpiki Mexico 1968, fedha Munich 1972. Baadaye akaenda Japani kupigana ngumi za kulipwa. Yaani Mjapani anamlipa Mkenya arushe ngumi, na nyinyi mnamwuliza Mjapani ngumi inarushwaje.

Mzee_wa_Makiwara
Waruinge tunamheshimu sote, lakini bondia ana raundi nzima ya kutafuta ngumi yake. Kwetu ngumi moja safi ni yuko, refa anasimamisha, mnaanza upya. Ndiyo maana sehemu ya sekunde inatutesa.

Bondia_Mstaafu
Na Olimpiki mliingia mara moja, Tokyo. Paris 2024 hamkuwepo. Endeleeni kuhesabu.

Kiai_Kakamega
Sasa hiyo inahusiana vipi na blada?

BabaWaNyalenda
Samahani, nilikuwa kazini. Si mimi ninayepigana jameni, mimi nina kitambi. Ni binti yangu. Ana miaka 16, mtindo wake Shotokan, anacheza mwaka wa 2, vyuma hajawahi kushika. Sensei wake anasema ngumi yake ni nzuri lakini inafika imechelewa.

Kiai_Kakamega
Baba! Hayo ndiyo ungeanza nayo. Tumekupa ushauri wa mwanaume wa kilo 67.

Jimu iondoe kabisa. Wiki 5 zitamfundisha kushika chuma tu, na siku ya mashindano hakutakuwa na chuma. Tena pambano la umri wake ni dakika 2, akianza amechoka hana muda wa kuamka. Raba nyepesi, pushapu chache za kuruka, na asikae kwenye kunyoosha misuli ile ya kushikilia dakika nzima kabla ya kuitwa. Hiyo hupunguza ukali wa misuli.

BladaNaJasho
Blada. Nilisema tangu mwanzo.

BabaWaNyalenda
Nimejaribu leo jioni. Simu yangu inarekodi picha 240 kwa sekunde, kwa hivyo kila picha ni kama milisekunde 4. Nimehesabu picha tangu mkono unaposogea mpaka unapogusa pedi. Kabla ya blada: 58, 56, 61, 57, 59. Baada ya blada: 56, 58, 55, 60, 57. Imefanya kazi ama haijafanya?

Fizio_wa_Zamu
Wastani umeshuka kwa picha moja. Lakini kabla ya blada yeye mwenyewe alikuwa anacheza kati ya 56 na 61, kwa hivyo picha moja haisemi kitu. Baada ya blada alipumzika dakika ngapi?

BabaWaNyalenda
Hakupumzika. Alipiga papo hapo.

Fizio_wa_Zamu
😅 Rudia kesho kutwa. Siku moja dakika 2, siku nyingine 5. Ngumi 10 kila mara, si 5.

Mzee_wa_Makiwara
Pedi ilishikwa na nani, na umbali ulikuwa ule ule?

BabaWaNyalenda
Mimi. Umbali… karibu ule ule.

Mzee_wa_Makiwara
Hiyo "karibu" ndiyo picha yako moja.

Sasa itazame video tena, usihesabu. Angalia bega na kiwiko kabla ngumi haijaondoka. Kuna kitu kinarudi nyuma kwanza?

BabaWaNyalenda
Nimetazama. Kiwiko kinarudi nyuma kidogo. Na bega linapanda.

Mzee_wa_Makiwara
Basi mpinzani anaandikiwa barua kabla ngumi haijatumwa. Hata ukimfunga blada kumi, barua itafika kwanza. Mrudishe kwa kihon, mazoezi ya msingi, mbele ya kioo, polepole.

BladaNaJasho
Mzee, kioo nacho atabeba kwa matatu?

Kiai_Kakamega
Vyote viwili vinaweza kuwa kweli. Kiwiko kirekebishwe hizi wiki, blada ibaki ya siku yenyewe. Shida ni ile ya Section58: nani atamwambia ataitwa saa ngapi?

Section58
Hakuna atakayemwambia. Mtu wa kusimama karibu na meza ya waamuzi ni muhimu kuliko raba. Hesabu mapambano yaliyobaki mbele yake, yakibaki mawili matatu ndipo avute. Na abebe sweta na soksi, Nakuru iko juu ya Kisumu kama mita 700, asubuhi atatetemeka.

BabaWaNyalenda
Asanteni. Dambeli zimeshauzwa, kumbe kulikuwa na mtu mwingine kweli. Zile 4,000 labda ziwe nauli na chakula. Kuna mtu anajua mahali pa kulala Nakuru pa bei nafuu, karibu na uwanja wa Afraha?

Bondia_Mstaafu
Njoo na binti ajaribu ngumi. Kulala tutaongea.

Kiai_Kakamega
Usimsikilize huyo.