Mjadala: Twiga ni spishi moja au nne?

Mwalimu wa Changamwe: Wenzangu, Agosti 2025 IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, walikubali kwamba twiga ni spishi nne. Sisi tulisoma spishi moja yenye nususpishi tisa. Kati ya hizo nne, tatu ziko Kenya. Nasema vitabu vya shule vibadilishwe.

Mtu wa Likoni: Spishi, nususpishi, mwananchi yamsaidia nini? Twiga ni twiga. Wataalamu wanagawanya wanyama wapate pesa za miradi. Na sisi wa pwani twiga twawaona wapi?

Binti Kisauni: Wapi? Haller Park, bustani ya wanyama hapo Bamburi, hujafika? Unamlisha kwa mkono, ule ulimi mweusi unakukwangua kiganja. Usituone washamba.

Mtu wa Likoni: Nani kakuita mshamba? Soma tena.

Mwalimu wa Changamwe: Turudi kwenye hoja. Nususpishi ni ndugu waliotenganishwa na mahali. Spishi wameachana kijeni muda mrefu mno. Ukiwahesabu pamoja wapita laki moja, unalala usingizi. Ukiwatenga, twiga wa kaskazini hawafiki 10,000. Hapo ndipo serikali itajua wa kulindwa kwanza.

Babu wa Majengo: Mwalimu, hao ukiwaweka zizi moja wanazaana, na watoto wao wanazaa. Farasi na punda, mtoto wao hazai. Sasa spishi nne za nini?

Mwalimu wa Changamwe: Zizini sawa, babu. Porini ni nadra. Na madoa yatazame: wa Kimasai kama majani yaliyochanika, yule wanayemwita reticulated, mistari myeupe imenyooka kama wavu.

Binti Kisauni: Likoni, sijamaliza nawe. Pale Haller Park palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu. René Haller, mtaalamu wa kiwanda hicho, akapanda mivinje kuanzia 1971, akaleta jongoo watafune majani makavu yawe udongo. Leo wasema pwani hatuna kitu!

Kijana wa Tudor: Na Owen wa hapo je? Kiboko mtoto aliyeachwa yatima na tsunami ya 2004, akamfanya kobe aitwaye Mzee mamake!

Babu wa Majengo: Kobe dume yule. Miaka kama mia na thelathini wakati ule, nasikia.

Kijana wa Tudor: Dume, lakini kiboko alimfuata kila mahali, babu. Picha zipo.

Mtu wa Likoni: Kilichoniuma mimi ni tiketi. Mzazi mwenye watoto wengi wa Likoni atalipa feri, matatu, na kiingilio? Wanafunzi wa Mombasa wapewe siku ya bure kila muhula. Waone madoa kwa macho yao, ndipo mubadilishe vitabu.

Binti Kisauni: Hilo naliunga mkono. Lakini usirudie kusema hatuna twiga.