Turubai langu la bluu limegeuzwa bwawa la kuogelea, sasa nilipie kodi (Texas)

Wakuu, mimi sina bwawa la kuogelea. Sijawahi kuwa nalo. Kuogelea kwenyewe sijui, nimekulia Dodoma. Lakini kwa mujibu wa ofisi ya uthamini ya kaunti ninayoishi hapa Texas, nyuma ya nyumba yangu kuna bwawa la dola 42,000, na wananitaka nililipie kodi.

Barua ilikuja Aprili kama kila mwaka. Nyumba waliyoiwekea 268,000 mwaka jana, safari hii thamani ya soko wameandika 351,000. Kwa walioko nyumbani wasiojua mambo ya huku: Texas haina kodi ya jimbo kwenye mshahara, na hiyo ndiyo sifa tunayowaringia wenzetu wa Minnesota. Tunachosahau kuwaambia ni kwamba huku unaliwa kwenye nyumba. Shule wanachota, kaunti inachota, mji unachota, watu wa maji wanachota. Kwangu jumla inafika kama asilimia 2.3 ya thamani, kila mwaka, hata kama nyumba ulishamaliza kuilipa. Dada yangu kule Dodoma analalamikia ile shilingi 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme wa LUKU kila mwezi. Dada, tubadilishane.

Sasa sikilizeni mchezo wenyewe. Ukishajaza fomu ya homstedi, yaani hii ndiyo nyumba ninayoishi mwenyewe, thamani ya kukatia kodi hairuhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa hiyo hata wangeandika soko ni milioni, mimi nilitakiwa kuishia 294,800. Ila ukijenga kitu kipya, hicho kinaingia chote, nje ya hiyo asilimia 10. Na bwawa ni kitu kipya. 294,800 jumlisha 42,000 unapata 336,800. Yaani bwawa ambalo halipo ndilo lililotoboa kinga pekee niliyokuwa nayo. Ule msamaha wa upande wa shule, yaani sehemu ya thamani isiyokatwa kodi ya shule, uliopandishwa hadi 140,000 mwaka 2025 haunisaidii hapa, kwa sababu unapewa uleule bwawa liwepo lisiwepo. Benki nayo, inayonikata kodi hiyo pamoja na mkopo, imeshapiga hesabu: dola 130 na ushee zaidi kila mwezi kwenye malipo ya nyumba.

Nikapeleka pingamizi. Ni bure, na mwisho ni tarehe 15 Mei au siku 30 tangu watume notisi, inayokuja nyuma ndiyo inayohesabika. Msiwasikilize wale wanaowajazia sanduku la barua kwa ahadi za kuwapigania, hao wanataka fungu la kile utakachookoa. Nikaomba pia kwa maandishi ushahidi watakaoutumia dhidi yangu, maana ukiomba wanalazimika kukupa siku 14 kabla ya kusikilizwa. Zikaja kurasa 11. Ukurasa wa sita ni picha ya nyumba yangu kutoka angani, na nyuma kuna mstatili wa bluu umezungushiwa duara.

Niliuangalia ule mstatili dakika nzima. Nikamwita mama watoto. Akacheka hadi akakaa chini.

Ni turubai. Turubai la bluu la dukani, lenye vitundu vya chuma pembeni, nililofunika nalo kifusi Januari. Na kifusi kilikuwa cha nini? Msingi wa nyumba umepasuka! Udongo wa huku ni mfinyanzi, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unasinyaa, nyumba inapanda na kushuka kama inapumua. Kona ya nyuma imezama. Ukutani kuna ufa ambao sarafu ya senti 25 inaingia yote, na mlango wa chumba cha watoto haufungi mpaka uunyanyue kwa ncha ya kiatu. Mafundi walikuja wakachimba mashimo mawili kuangalia, wakaniandikia makadirio ya 23,500 kuweka nguzo chini. Sina hiyo hela, nikafunika udongo nikingoja. Kwa hiyo kile kitu kinachoonesha nyumba yangu imeshuka thamani ndicho walichokipandishia thamani. Mtu amekaa ofisini, ameona bluu, ameandika bwawa. Kuja kugonga geti hakuweza.

Wiki iliyopita nikaenda kwenye yale mazungumzo ya awali na mthamini, kabla ya kufika kwenye bodi inayosikiliza mapingamizi. Kijana mstaarabu, nikampa picha zote.

"Bwawa tunaliondoa," akasema. Samahani hakuna.

"Kwa hiyo thamani inakuwa ngapi?"

"344,000."

Nikamwomba arudie. 351 ukitoa 42 ni 309, hesabu ya darasa la tatu. Akasema bei za eneo zimepanda, kwa hiyo baada ya kuondoa bwawa "amerekebisha" upya. Nikasema sawa, nioneshe hizo nyumba zilizouzwa. Na Texas hakuna sheria inayomlazimisha muuzaji kutangaza bei, kwa hiyo mwenye nyumba wa kawaida unapapasa gizani. Nikamsukumia makadirio ya msingi. Akayasoma, akaniambia anaweza kushuka 3,000. Jamani, kama tuko soko la Sabasaba tunapatana nyanya!

Jamaa zangu wananiambia sema asante uondoke, bwawa limetoka, si utalipia 294,800 tu? Ndiyo, mwaka huu. Mwakani wananipandisha hadi 324,280 bila hata kunyanyua kalamu, kwa sababu ile 344,000 iko pale juu inanisubiri. Mwaka unaofuata wanamalizia. Wanaoishia kuangalia tarakimu ya kodi peke yake ndio wanaoliwa hivi polepole. Nikakataa kusaini.

Mtaa wetu ulijengwa na mkandarasi mmoja, ramani nne tu zinajirudia. Nimekaa usiku nikipekua rekodi zao wenyewe, nimepata nyumba tano za ramani kama yangu, futi za mraba zilezile 1,840, mwaka uleule wa kujengwa. Soko la chini kabisa wameandika 271,000 na la juu 288,000. Moja ni ya jirani yangu Mmeksiko, mzee wa watu ameweka jiko jipya na sakafu ya vigae nyumba nzima. Yeye 279,000. Mimi mwenye ufa, 344,000. Bahati nzuri kwenye fomu nilitia alama sehemu zote mbili, thamani kuzidi soko na pia kutothaminiwa sawa na wengine. Ambao hamjapeleka, tieni zote mbili, msije mkafungiwa mlango mmoja.

Alhamisi ijayo naenda mbele ya jopo la ile bodi. Watu watatu, unakula kiapo, unapewa kama dakika 15. Nikishindwa kuna usuluhishi, ambao kwa nyumba ya kuishi isiyozidi 500,000 unaweka amana ya 450, au mahakama, na vyote vina ukomo wa siku 60 kuvifungua.

Kwa hiyo waliowahi kukaa mbele ya hao watatu, nisaidieni: picha niwape za karatasi au wanapokea kwenye flashi? Nakala ngapi? Na nianze na zile nyumba tano au nianze na msingi, maana dakika 15 ni chache na mimi nikipandwa na hasira Kiingereza kinanikimbia.

Mama watoto anasisitiza nibebe na turubai lenyewe. Nimelikunja, liko kwenye buti. Sijui kama walinzi wa mlangoni wataniruhusu kuingia nalo.