Kukausha jani la bouillon-blanc: kivulini, sanduku la jua, ao juu ya mbabula?

MamaHimbi (Goma)
Jambo ndugu zangu. Bouillon-blanc (Verbascum thapsus), mmea ambao majani yake makavu tunayanywa kama chai ya kikohozi, niliipanda kwa mbegu na imetandaza majani chini kama sahani, mazito kama blanketi. Kuna kilo 2 hivi za kuvuna. Niko kati ya njia tatu: ungo ndani ya nyumba, kivulini, sanduku la mbao lenye kioo, la kukaushia kwa jua, ao waya juu ya mbabula wakati makala yamepunguza moto. Huku mvua haijakatika. Njia gani haitaniozea? Na kwa kuchuja, chujio la waya la chai linatosha?

Mkaushaji_Kadutu (Bukavu)
Jambo mama. Kwanza mshipa wa katikati, kwa sababu ndio unaoozesha jani hili kwa njia zote tatu. Pembeni linakauka upesi, na kwa kuwa lina manyoya, mkono unadanganyika kwamba limekwisha, kumbe mshipa bado una maji. Ukilifungia kwenye chupa katika hali hiyo, ukungu unaanzia kwenye mshipa halafu unasambaa. Kata mshipa wote kwa kisu uutupe, ao angalau upasue kwa urefu.

Usililoweshe kwa kuliosha. Manyoya yanashika maji kama sponji. Vuna mchana umande ukiisha, likung'ute, lipanguse kwa brashi laini kavu. Majani ya chini kabisa, yale mvua imeyarushia udongo, yaache shambani.

Sasa njia zako:

Kivulini ndiyo njia isiyo na gharama na inayotunza rangi ya kijani, lakini kwa mvua ya Kivu hesabu siku 7 hadi 14. Majani yasilaliane hata kidogo, ungo uinuliwe juu ya matofali ili hewa ipite chini, na ugeuze asubuhi na jioni. Chumba cha kupikia hakifai, mvuke wa sufuria unarudisha maji kwenye majani kila siku.

Sanduku ndilo ningechagua kwa kilo 2 wakati wa mvua. Likishika nyuzi joto 35 hadi 40, siku 2 ao 3 zinatosha. Masharti ni mawili. Kioo kifunikwe kwa kitambaa cheusi, maana jua likipiga jani moja kwa moja linapauka. Halafu liwe na matundu chini kwa mbele na juu kwa nyuma. Watu wengi wanasahau ya juu. Ukiona matone ndani ya kioo, ujue unapika, haukaushi, na kesho jani litakuwa la kahawia.

Mbabula, hapana. Pembeni kunaungua katikati kukiwa kubichi, jani linabeba moshi na majivu, na mtu anayefunga mlango ili joto lisitoke anajifungia na gesi ya makala. Haina harufu na inaua.

Usishangae na uzito: kilo 1 mbichi inaacha gramu 200 hivi, na ukitoa mishipa ni chini ya hapo.

Yaya_Katuba (Lubumbashi)
Naongeza kwa wa huku, maana hesabu ya Kadutu ni ya Kivu. Lubumbashi kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 9 hakuna mvua na hewa ni kavu sana. Kivulini siku 4 hadi 6 jani limekwisha, sanduku ni kazi ya bure.

Adui wetu ni vumbi. Jani lenye manyoya ni kama brashi, kila kinachopita hewani linakishika. Shamba lililo karibu na barabara ya udongo, lundo la mabaki ya migodi ao mahali wanapoyeyusha shaba halifai kwa mmea huu, hata kama mboga nyingine mnalima hapo (nazo zina maswali yake). Madini hayatoki kwa kukausha wala kwa kuchemsha. Goma nanyi muangalie: majivu ya volkano na vumbi la mawe meusi ni hadithi ileile.

MamaHimbi (Goma)
Aksanti sana. Basi nikifunika ungo kwa chandarua ili inzi na vumbi visifike? Na shitingi (turubai la plastiki) juu, mvua ikipiga?

Mkaushaji_Kadutu (Bukavu)
Chandarua cha kulalia hapana, mama. Vile vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu, na majani haya utayanywa. Tumia tule nyeupe ya pazia, iliyofuliwa. Shitingi inafaa kama paa tu, iwe mita 1 juu ya ungo na pande zote wazi. Ukiilaza juu ya majani inatoa jasho usiku, asubuhi unakuta yamelowa.

Famasi_Ibanda (Bukavu)
Mama Himbi, kwa kuchuja jibu ni hapana, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Manyoya ya jani hili ni madogo sana, yanapita kwenye waya wa chai na kukwaruza koo. Mtu anakunywa ili kikohozi kitulie, kinazidi, halafu anasema dawa imeisha nguvu.

Chujio la waya ni la kuondoa vipande vikubwa tu. Kitambaa cheupe cha pamba, kilichochemshwa na kukunjwa mara 4, ni afadhali sana. Kisiwe kitenge, rangi inatoka kwenye maji ya moto. Karatasi ya kuchujia kahawa ndiyo bora. Ilowanishe kwanza kwa maji ya moto, mimina polepole, na acha kijiko cha mwisho chini ya kikombe. Maji yakigoma kushuka, umeponda jani likawa unga. Livunje kwa vidole vipande vya ukubwa wa ukucha, basi. Wakati wa kulivunja funga pua na mdomo kwa kitambaa, vumbi lake linawasha.

Kipimo: Shirika la Dawa la Ulaya limeandika kipimo cha maua, si cha majani. Ni gramu 1.5 hadi 2 kwa mililita 250 za maji yanayochemka, mara 3 ao 4 kwa siku, kuanzia miaka 12. Kwa jani watu wanafuata hicho hicho, na mimi nasema msikivuke. Tumieni mizani ndogo, kwa sababu jani hili ni jepesi kama pamba na kijiko cha chai mara nyingi hakifiki gramu 1. Funika dakika 10 hadi 15. Maji ya ziwa ao ya bidoni yachemke kwa nguvu dakika 1 nzima kabla ya kumimina. Maji ya vuguvugu hayaui kipindupindu. Mwenye mimba, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasitumie. Mbegu zisiingie kabisa, zamani watu walizitumia kulewesha samaki.

Sasa la hatari kuliko yote. Kabla ya kutoa ua, digitali inafanana na mmea huu, nayo inasimamisha moyo. Kuikausha hakuondoi sumu. Jani la bouillon-blanc lina manyoya mazito pande zote mbili na ukingo karibu laini. La digitali lina meno madogo ukingoni, juu manyoya ni machache, chini mishipa imesimama kama wavu. Msilionje ili kujua. Na gunia la majani makavu yaliyokwisha kupondwa, lisilojulikana lilikotoka, msinunue, hapo hata mimi siwezi kutofautisha kwa macho.

Kikohozi kikipita wiki moja, acha majani uende kituo cha afya. Kikifika wiki mbili, ao kuna damu, homa ya jioni, kukonda, omba kipimo cha makohozi. Matibabu ya kifua kikuu kwetu ni ya bure.

Yaya_Katuba (Lubumbashi)
Kuna vijana wanaolivuta kama tumbaku, eti linasafisha mapafu. Moshi ni moshi.

MamaHimbi (Goma)
Nimechagua sanduku, na karatasi ya kahawa. Swali la mwisho: nitajuaje limekauka vya kutosha kuingia chupani, kama mkono unadanganya?

Mkaushaji_Kadutu (Bukavu)
Chukua kipande kinene zaidi, kile cha karibu na shina, ukikunje. Kikivunjika kwa sauti, sawa. Kikijipinda kama ngozi, kirudi sandukuni. Kisha jaza chupa ya kioo nusu tu, funga, iweke mahali penye joto la kawaida na uitikise kila siku kwa siku 5 hadi 7. Ukungu wa maji ukionekana kwenye kioo, mwaga yote kwenye ungo, siku moja tena ya kukausha. Kama kuna nukta nyeupe ao nyeusi, ao harufu ya pango, tupa chupa nzima, usichague mazuri. Ukungu mweupe juu ya manyoya meupe hauonekani vizuri, angalia mchana dirishani. Andika tarehe ya kuvuna, weka kabatini gizani, na mwaka ukiisha peleka kwenye mbolea.