Fiksi ya Mwanza: fremu ya chuma au ya alumini?

Mdau_Nyakato
Wakuu, salaam. Naunganisha fiksi ya kwendea kazini, Nyakato hadi mjini kwa Barabara ya Nyerere, na Jumapili nizunguke Capri Point au nifike Buhongwa na wenzangu. Kwa wasioijua, fiksi ni baiskeli ambayo sproketi ya nyuma (gia yenye meno) imekazwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, bila kuachia. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, na miguu ndiyo inayopunguza mwendo.

Nimewekewa fremu mbili za mtumba, bei zinakaribiana. Moja ni ya chuma, ya baiskeli ya zamani ya mashindano ya barabarani, mabomba membamba, ina stika ya Reynolds 531 (aina ya mabomba ya chuma) iliyochubuka na rangi imebanduka sehemu mbili tatu. Nyingine ni ya alumini, mabomba manene, imetengenezwa kabisa kwa ajili ya fiksi, na ukiinyanyua unaona wepesi wake papo hapo. Kila ninayemuuliza ananiambia nichukue nyepesi. Naomba waliopanda zote mbili waniambie, na waseme kwa nini.

FundiKirumba
Mdogo wangu, kabla ya uzito jiulize nani atakutengenezea ikipasuka.

Fiksi inaitesa fremu kwa nyuma kuliko baiskeli ya kawaida. Unasukuma pedeli kwenda mbele, halafu ukitaka kupunguza mwendo unazizuia, na nguvu inageuka kwenye yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la nyuma. Siku nzima ni mbele na nyuma. Chuma kina kiwango cha mzigo ambacho usipokivuka kinaweza kuurudia mzigo huo bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho; kila mzigo, hata mdogo, unakata kidogo katika umri wake. Sisemi itavunjika kesho. Fremu nzuri ya alumini hutengenezwa na akiba ya kutosha na inadumu miaka mingi. Lakini ya mtumba hujui imeshatumika kiasi gani.

Sasa ufa. Chuma kikipasuka mara nyingi kinakupa muda: unasikia mlio, unaona mstari kwenye rangi, baiskeli inaanza kuyumba. Unaleta, naunganisha kwa gesi na waya wa shaba, unaondoka. Hiyo 531 iliingia sokoni mwaka 1935, ni chuma chenye manganizi na molibdeni, na imekusudiwa kuungwa kwa shaba kwa moto wa wastani. Usimpelekee mchomeleaji wa mageti mwenye mashine ya fimbo. Bomba lile katikati halifiki hata milimita moja, atalitoboa.

Alumini inataka mashine ya argoni na mtu anayeijua. Hata ukimpata, aina inayotumika sana, 6061, inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake pembeni ya pale ilipochomelewa. Kiwandani baada ya kuchomelea wanairudisha fremu nzima kwenye tanuri la nyuzi 530 hivi, wanaipoza ghafla, kisha wanaipasha tena kwa moto mdogo kwa saa kadhaa. Hapa nani atakufanyia hivyo? Kwangu alumini iliyopasuka shingoni au kwenye kiungo cha pedeli ni ya kutundikwa ukutani.

KasiYaZiwa
Fundi nakuheshimu, ila umeizika alumini ikiwa bado hai.

Mimi napanda ya alumini, na ninapoipenda ni pale mlimani. Nenda Bugando kwa fiksi, gia ni moja, huna pa kupunguza. Unasimama, unakanyaga kwa uzito wote. Fremu inayopinda chini ya pedeli unaisikia mguuni kabisa. Yangu haipindi.

Na watu waelewe sababu, maana wengi wanadhani alumini ni ngumu kuliko chuma. Siyo. Kwa ujazo uleule alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma, gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 7.85, na ukakamavu wake nao ni kama theluthi moja. Ndiyo maana wanalipanua bomba. Bomba likinenepa kidogo ukakamavu unapanda sana, kuliko uzito unavyopanda. Kwa hiyo ukakamavu wa fremu unaousifu unatokana na umbo la mabomba yake, na bomba la chuma likinenepeshwa nalo linakakamaa, ila hapo ndipo uzito unapokurudia.

Halafu kutu. Mvua za Machi hadi Mei unazijua.

DadaWaPasiansi
Jamani, naona mnabishana fremu wakati Barabara ya Nyerere ina mashimo na matuta. Niongeze jambo moja ambalo kwangu ndilo kubwa.

Kwenye baiskeli ya kawaida ukiona tuta unaacha kukanyaga, unasimama juu ya pedeli, magoti yanameza mshtuko. Kwenye fiksi miguu inaendelea kuzunguka utake usitake. Unanyanyuka kidogo tu, na mara nyingi tuta linakukuta umekaa. Basi watu wanasema chukua chuma, kinabonyea. Kinabonyea kweli, lakini ni kidogo mno ukilinganisha na tairi. Tairi la milimita 32 lenye upepo wa wastani litakutuliza mgongo kuliko fremu yoyote.

Kwa hiyo kaka, chukua tairi, nenda nalo kwa muuzaji, ulipachike kwenye fremu zote mbili. Fremu nyingi za fiksi halisi zimekusudiwa uwanja laini wa mashindano, zinabana tairi la 25 na kuishia hapo. Zile za zamani za barabarani nyingi zinapokea 28, nyingine na zaidi. Angalia pia kama uma wa mbele una tundu la breki. Za uwanjani nyingi hazina, na mimi simshauri mtu yeyote ashuke Bugando bila breki ya mbele. Mnyororo ukiruka, miguu haina tena cha kuzuia.

Uzito msiubebe sana. Tofauti ya fremu hizi ni nusu kilo au zaidi kidogo. Wewe na baiskeli mkifika kilo 85, hiyo haifiki hata asilimia moja.

KasiYaZiwa
Hapo kwenye tairi nakubali bila ubishi. Breki pia. Uzito bado nautetea, lakini kwa mtu wa kwenda kazini sitaupigania.

Sato_na_Baiskeli
Kuhusu kutu: nimeishi Dar na sasa niko Igogo. Kule chumvi ya bahari inatafuna chuma haraka. Ziwa letu ni maji baridi, hakuna chumvi, kutu ya hapa ni ya maji yaliyotuama ndani ya bomba. Yanaingia kwenye bomba la siti wakati wa mvua, au pale mtu anapoiosha baiskeli kwa kuizamisha ziwani, yanakaa chini kwenye kiungo cha pedeli. Mwaga oili ndani, igeuzegeuze hadi ienee, iache ichuruzike usiku mmoja, na chini pawe na tundu la kutolea maji. Nguzo ya siti ipakwe grisi hasa kama ni ya alumini ndani ya fremu ya chuma, maana metali hizo mbili zikikutana na unyevu zinang'ang'aniana hadi haitoki.

Tena nenda na sumaku. Fremu ya chuma iliyokarabatiwa kwa kujazwa puti ya bodi za magari na kupakwa rangi, sumaku inalegea pale palipojazwa. Na stika usiiamini peke yake, pima tundu la nguzo ya siti. Ukikuta milimita 27.2, ukuta wa bomba ni mwembamba na uwezekano ni mkubwa kwamba ni chuma kizuri kweli. Ukikuta 25.4, mara nyingi hicho ni chuma cha kawaida kizito, kimebandikwa jina la watu.

Mdau_Nyakato
Asanteni sana, nimerudi na vipimo. Ya chuma: nguzo ya siti 27.2, sumaku inashika sawasawa kila mahali, tairi la 28 linaingia na nafasi inabaki, breki ya mbele inafungika. Upana wa nyuma wa kuweka habu ni milimita 126. Ya alumini: nyuma 120, tairi la 25 karibu liguse, uma hauna tundu. Na chini ya shingo kuna mstari mwembamba kwenye rangi, muuzaji anasema ni mkwaruzo.

Nimeamua chuma. Swali ni hiyo 126. Habu ya fiksi niliyoahidiwa ni ya 120. Niibane fremu?

FundiKirumba
Mstari pale shingoni umeona vizuri kuuogopa, hata kama ni mkwaruzo huna njia ya kuhakikisha bila kukwangua rangi.

Fremu usiibane. Chuma kinakubali kuvutwa na kubanwa, alumini ndiyo usijaribu kabisa, lakini hapa huna haja. Weka washa (pete bapa) ya milimita 3 kila upande wa ekseli, basi, mradi ekseli ni ndefu ya kutosha na ni ya kufungwa kwa nati. Ile ya kufunga kwa mkono haina nguvu ya kushikilia fiksi kwenye mpasuo uliolala, pale ekseli inapokaa kwenye fremu, ukikanyaga itateleza mbele.

Mpasuo wako kwa kuwa ni wa barabarani unafunguka mbele, hauna shida. Unavuta gurudumu nyuma hadi mnyororo ubaki na mchezo wa kama sentimita moja katikati, kisha unakaza. Kama mpasuo ungekuwa wa kusimama wima ningekwambia uiache, maana mnyororo usingekuwa na njia ya kukazwa.

Hiyo habu ichunguze kabla hujalipa. Lazima iwe na hesi mbili: kubwa ya sproketi, na ndogo ya nati ya kufungia inayozunguka kinyume, yaani ya mkono wa kushoto. Wapo wanaokuuzia habu ya kawaida ya barabarani, wanakaza sproketi kwa gundi. Ukizuia pedeli kwa nguvu sproketi inafunguka, na uko kwenye mteremko.

Gia anza na meno 44 mbele na 17 nyuma. Krenki, yaani mikono ya pedeli, tafuta za milimita 165, kwa sababu kiungo cha pedeli cha fremu ya barabarani kipo chini na pedeli haisimami ukiwa unakata kona.

DadaWaPasiansi
Na tairi?

Mdau_Nyakato
28 mbele na nyuma, dada. 32 ya mbele nitaijaribu nikiipata. Fundi, naileta Jumamosi asubuhi.

FundiKirumba
Ilete kabla hujaipaka rangi. Nataka nitoboe lile tundu la maji kwanza, na niangalie ndani ya bomba la siti kwa tochi.