Naomba ushauri: tuitake Uingereza irudishe misaada iliyokatwa, au irekebishe masharti ya biashara?

Mwandishi wa Waraka

Habari zenu wanajukwaa. Nimekabidhiwa kazi ya kuandaa waraka wa kurasa mbili kwa niaba ya vikundi kadhaa vya kiraia vya Afrika Mashariki, utakaopelekwa kwa wabunge wa Uingereza wanaofuatilia masuala ya maendeleo ya kimataifa. Wenzangu wamegawanyika, na muda wa kuwapatanisha ni mfupi.

Upande mmoja unataka tuanze na misaada, kwa sababu hapo ndipo ahadi ilipovunjwa waziwazi. Mwaka 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao la taifa. Uingereza ilifikia kiwango hicho mwaka 2013, ikakitungia sheria mwaka 2015, kisha ikakishusha hadi asilimia 0.5 mwaka 2021, na mwezi Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer akatangaza kwamba kitashuka tena hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027 ili fedha zielekezwe kwenye ulinzi. Katika kila pauni 100 za pato lao, peni 70 walizoahidi zitakuwa zimebaki 30. Upande wa pili unaona kwamba kuomba misaada ni kujidhalilisha, na kwamba tudai soko tu: Uingereza ifute ushuru wa forodha kwa bidhaa zetu, nasi tutajitegemea.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Katika kurasa mbili, lipi litangulie? Na hoja ya "biashara badala ya misaada" ina mashiko kiasi gani ikipimwa kwa matendo ya Uingereza yenyewe?

Mzee wa Kumbukumbu

Mwanangu, kabla hujachagua kati ya misaada na biashara, tazama jinsi serikali za London zilivyovichanganya vitu hivyo viwili tangu zamani, maana wanaozungumza kana kwamba ni njia mbili tofauti wanasahau mengi.

Chukua Mradi wa Karanga wa Tanganyika, ulioanza mwaka 1947. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, ikapanga kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu, kuanzia Kongwa na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta, mengi yakiwa yamekwisha kutumika, yaliharibikia kwenye mizizi ya vichaka. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba kuzing'oa karanga ikawa kazi nzito. Na mvua haikuja kama ilivyopangwa kwenye makaratasi ya London. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Ulitangazwa kwa jina la maendeleo, lakini kipimo chake halisi kilikuwa kikaango cha mlaji wa Uingereza, na wakulima waliokuwa wakiijua ardhi ile hawakuulizwa.

Kisha kuna bwawa la Pergau nchini Malaysia. Uingereza ilikubali kutoa pauni milioni 234 za misaada kwa bwawa ambalo ofisa wake mkuu wa idara ya misaada, Tim Lankester, alikwisha kuonya kwamba halikuwa na tija kiuchumi. Nyuma ya msaada huo kulikuwa na mauzo ya silaha za Uingereza kwa Malaysia. Shirika la World Development Movement lilikwenda mahakamani, na mwaka 1994 Mahakama Kuu ikaamua kwamba uamuzi wa Waziri wa Mambo ya Nje, Douglas Hurd, ulikuwa kinyume cha sheria. Hukumu ile ilizaa matunda. Mwaka 1997 iliundwa wizara kamili ya maendeleo ya kimataifa chini ya Clare Short. Mwaka 2001 waliacha kuufunga msaada kwa sharti la kununua bidhaa za Uingereza. Na sheria ya mwaka 2002 ikaweka wazi kwamba lengo la msaada ni kupunguza umaskini. Sheria hiyo itaje kwenye waraka wako, kwa sababu ndiyo inayompa mlalamikaji mahali pa kusimama.

Na Watanzania hatuhitaji kwenda Malaysia. Mwaka 2001 serikali hiyohiyo ya Uingereza iliruhusu kampuni ya BAE Systems iiuzie Tanzania mfumo wa rada kwa pauni milioni 28, huku waziri wake wa misaada, Clare Short, akipinga waziwazi kwamba nchi maskini inauziwa kitu cha ghali kisicholingana na mahitaji yake. Mkono wa misaada ulikuwa unasamehe madeni na kujenga madarasa, wakati mkono wa biashara ulikuwa unachukua. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo, na pauni milioni 29.5 zikarejeshwa kwa Watanzania, zile tulizozoea kuziita "chenji ya rada", zikanunua vitabu na madawati. Chenji ilirudi, lakini ni baada ya miaka kumi ya mtoto kukaa sakafuni.

Ndiyo maana nilihuzunika mwaka 2020 Boris Johnson alipoiunganisha wizara ile na Mambo ya Nje, akilieleza bunge kwamba Uingereza inaipa Tanzania msaada mara kumi ya unaokwenda kwa nchi sita za Balkani ya Magharibi, kana kwamba hilo ni kosa linalojieleza. Kama kipimo ni umaskini, kosa liko wapi?

Forodhani

Ndugu mleta uzi, naomba niwarekebishe kidogo wenzako wa upande wa pili, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa nimefanya kazi ya wakala wa forodha kwa miaka mingi.

Mkiandika "Uingereza ifute ushuru", mbunge yeyote aliyejiandaa atawajibu kwamba ulishafutwa, na atakuwa sahihi. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, na chini ya mpango wa Uingereza wa biashara na nchi zinazoendelea, ulioanza kutumika Juni 2023, bidhaa za nchi hizo huingia bila ushuru wala ukomo wa kiasi, isipokuwa silaha. Kabla ya hapo walikuwa na nafasi kama hiyo katika Umoja wa Ulaya tangu 2001. Kenya haimo katika orodha hiyo, lakini ina mkataba wake na Uingereza unaofanya kazi tangu Machi 2021. (Wapo wanaodhani kwamba Tanzania ilipoteza nafasi hiyo Julai 2020, Benki ya Dunia ilipoitaja kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Hizo ni orodha mbili tofauti, na inayoangaliwa hapa ni ya Umoja wa Mataifa.)

Basi kikwazo kiko wapi? Kiko kwenye maabara, kwenye karatasi na barabarani. Mwaka 2013, wakati Uingereza ingali ndani ya Umoja wa Ulaya, maharage mabichi ya Kenya yaliongezewa ukaguzi mpakani baada ya kukutwa na mabaki ya kiuatilifu cha dimethoate kupita kiwango kinachoruhusiwa. Ushuru ulikuwa sifuri kabla ya siku hiyo na ulibaki sifuri baada yake. Lakini msafirishaji anayejua kwamba shehena yake inaweza kushikiliwa kwa vipimo, wakati maharage yanasinyaa ndani ya katoni, hufanya hesabu ya haraka: anaacha kununua kwa mamia ya wakulima wenye vishamba vidogo, ambao hawezi kumfuatilia kila mmoja alipuliza dawa gani na lini, na anahamia kwa mashamba makubwa machache yenye daftari na mtaalamu wake. Mkulima mdogo hutolewa sokoni bila sheria yoyote ya ushuru kuguswa.

Sasa jiulizeni nani hugharamia mafunzo ya upuliziaji, maabara ya kupimia na mfumo wa kumfuatilia mkulima hadi kwenye kishamba chake. Mara nyingi ni fedha za misaada. Vivyo hivyo kwa kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018 na kujengwa kupitia TradeMark East Africa, shirika la kurahisisha biashara ambalo Uingereza ilikuwa miongoni mwa wafadhili wake wakuu. Zamani dereva wa lori alikamilisha nyaraka za kutoka upande wa Kenya, akavuka, kisha akapanga foleni upya upande wa Uganda kana kwamba hajaonekana na mtu. Siku hizi husimama mara moja, katika nchi anayoingia, na maofisa wa pande zote mbili wamekaa jengo moja. Kwa hiyo anayesema "biashara badala ya misaada" anakata tawi ambalo biashara hiyo imekalia.

Muuguzi Mstaafu

Nakubaliana na waliotangulia, ila nawasihi msije mkaufanya msaada wote uwe mtumishi wa biashara. Yapo mambo ambayo hakuna soko litakaloyafanya. Mwezi Juni 2025 Uingereza iliahidi pauni bilioni 1.25 kwa mfuko wa chanjo wa Gavi kwa miaka mitano, ikiwa imeshuka kutoka pauni bilioni 1.65 za kipindi kilichotangulia. Mtoto mwenye umri wa wiki sita anatakiwa kuchomwa chanjo yake ya kwanza ya pepopunda, dondakoo na kifaduro akiwa na wiki hizohizo sita, na friji ya chanjo isipopata mafuta au umeme, chanjo iliyomo ndani yake hutupwa. Hakuna mkataba wa maharage utakaomfikia kwa wakati. Naomba aya moja ya waraka, hata iwe fupi, ibaki kwa ajili yake.

Mwandishi wa Waraka

Shikamoo Mzee wa Kumbukumbu, na asanteni nyote. Naona sasa kwamba swali langu la "kipi kitangulie" lilikuwa limeniongoza vibaya, na kwamba tunapaswa kuomba msaada ambao unaiwezesha biashara, huku tukilinda ule wa afya. Lakini kuna mjumbe wetu mmoja anayesema kwamba fedha hazipo, na kwamba tukidai asilimia 0.7 tutaonekana hatujui hali ya uchumi wao. Nimjibu nini?

Darubini

Mjibu kwa takwimu zao wenyewe. Mwaka 2023 misaada ya Uingereza ilikuwa pauni bilioni 15.3, na kati ya hizo bilioni 4.3, yaani takriban asilimia 28, zilitumika ndani ya Uingereza kwa kuwahudumia wakimbizi na waomba hifadhi, sehemu kubwa ikiwa gharama za hoteli. Kanuni za kamati ya misaada ya OECD, jumuiya ya nchi tajiri, zinaruhusu kuhesabu gharama za miezi 12 ya mwanzo, kwa hiyo hawajavunja kanuni. Hata hivyo, fedha ambayo haikuvuka bahari haiwezi kuitwa msaada kwa nchi maskini mbele ya mtu anayeishi katika nchi hiyo. Andikeni jambo hili kwa uangalifu mkubwa, msije mkasomeka kana kwamba mnawapiga vita wakimbizi, ambao wengi wao wametoka katika nchi kama zetu na wana haki ya kuhifadhiwa. Ombi liwe kwamba gharama yao ilipwe kutoka bajeti ya mambo ya ndani, si kutoka fungu la mtoto wa Muuguzi.

Kuhusu 0.7, sheria ya mwaka 2015 haijafutwa. Tarehe 13 Julai 2021 wabunge walipiga kura 333 dhidi ya 298 wakakubali kwamba kiwango hicho kitarudi pale serikali itakapoacha kukopa kwa matumizi ya kawaida na deni litakapokuwa linapungua. Msiombe 0.7 irudi kesho. Ombeni serikali ieleze, kwa mwaka na kwa hatua, njia ya kutoka 0.3 kurudi juu.

Mwandishi wa Waraka

Nimeandika sentensi hii iwe ya kwanza: "Tunaiomba Uingereza ilinde fedha za misaada zinazomwezesha mkulima mdogo kutimiza viwango vya usalama wa chakula, ilinde fedha za chanjo, na igharamie hifadhi ya wakimbizi nchini mwake kwa bajeti nyingine." Imekaa sawa?

Forodhani

Imekaa vizuri, ila inakosa kitu kimoja ambacho hakiigharimu serikali yao hata pauni. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani hutoa kwa kawaida siku 60 za maoni kabla kiwango kipya cha usalama wa chakula hakijaanza kutumika. Siku 60 ni kidogo kuliko msimu mmoja wa maharage tangu kupandwa hadi kuvunwa yote, na kiuatilifu kilichokwisha kupulizwa hakiondolewi kwa barua. Ongeza ombi kwamba Uingereza, inaposhusha kiwango cha mabaki ya kiuatilifu kinachotumika kwetu, itoe angalau misimu miwili ya mpito, na itaje kiuatilifu mbadala.