Tupeane uzoefu: kukusanya matokeo ya ubunge ya mkoa mzima, jimbo kwa jimbo (mfano Kilimanjaro)

#1
Wakuu, tuanze na msingi. Tume inatangaza Rais. Mbunge anatangazwa na msimamizi wa uchaguzi kwenye jimbo lake, na hapo shughuli imeisha. Kisheria hakuna kitu kinachoitwa matokeo ya ubunge ya mkoa. Kila jedwali la mkoa mnaloliona limeungwa na mtu, iwe chumba cha habari au chama, na makosa yake ni ya huyo aliyeunga.

Kilimanjaro ina majimbo tisa: Rombo, Mwanga, Same Mashariki, Same Magharibi, Moshi Mjini, Moshi Vijijini, Vunjo, Hai na Siha. Andika orodha hiyo kabla hujaingiza namba hata moja. Kosa la kwanza kabisa ni kuhesabu kwa wilaya: wilaya ya Moshi ina Moshi Mjini, Moshi Vijijini na Vunjo, na Same ina mawili. Ukienda kwa wilaya unabaki na sita, halafu unashangaa wabunge watatu wametoka wapi.

Karibuni, kila mtu aweke anachokijua. Porojo za nani kaibiwa zina uzi wake.

#2
Safu za jedwali langu kwa kila jimbo: walioandikishwa, waliopiga kura, kura zilizoharibika, kura halali, kisha safu moja kwa kila mgombea na chama chake. Asilimia zisiandikwe kwa mkono, jedwali lizikokotoe.

Mfano wa kubuni: walioandikishwa 80,000, waliopiga 52,000, zilizoharibika 1,300, halali 50,700, mshindi 24,336. Asilimia yake ni 48 ya kura halali. Mwingine atagawa kwa 52,000 apate 46.8. Wa tatu atagawa kwa walioandikishwa apate 30.4. Wote wamegawa sawasawa, ila asilimia ya mgombea hutolewa kwenye kura halali, na mahudhurio (hapa 65) hutolewa kwenye walioandikishwa. Ukichanganya hizo mbili kwenye safu moja, jedwali zima ni la kutupa.

Na kwa ubunge hakuna sharti la kuvuka nusu. Anayeongoza hata kwa kura moja ndiye mbunge, kwa hiyo huyo wa 48 kapita.

#3
Nyongeza kwa #2: jumla ya kura za wagombea lazima ilingane na kura halali, na halali ukijumlisha na zilizoharibika lazima upate idadi ya waliopiga. Isipolingana, usirekebishe namba ili ilingane! Rudi kwenye fomu. Mara nyingi tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, 4,351 ikasomwa 4,531. Dalili yake ni tofauti inayogawanyika kwa 9. Hapo tofauti ni 180.

Usishtuke pia kura za Rais zikizidi za ubunge kwenye jimbo lile lile. Wapo wanaoruhusiwa kupigia nje ya jimbo walikoandikishwa, watendaji wa vituo kwa mfano, na hao hupewa karatasi ya Rais tu. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ikiwa kubwa, fuatilia kituo kwa kituo.

#4
Fomu za kituo. Kura huhesabiwa kituoni baada ya kufunga saa 10 jioni, matokeo yanajazwa kwenye fomu, mawakala wanasaini, nakala inabandikwa nje. Kwa ubunge wengi wanaijua kama 21B. Ile ya A ni Rais na ya C ni udiwani. Anayepiga picha ukutani usiku huwa na haraka, anarudi na 21C akidhani ni ya mbunge. Soma kichwa cha fomu kwanza, na picha ichukue jina la kituo, kata na sehemu ya saini. Picha ya namba peke yake haina kazi.

Wakala kutosaini hakufuti matokeo. Anatakiwa aandike sababu. Wanaosusa kimya kimya wanakiacha chama chao bila maandishi ya kusimamia siku ya kesi.

#5
Mimi naona mmezama kwenye hesabu mkasahau tafsiri. Angalieni Kilimanjaro kwa viti:

2010: CCM 5, Chadema 3 (Moshi Mjini, Hai, Rombo), TLP 1 (Mrema, Vunjo).
2015: Chadema 6, CCM 2 (Mwanga na Same Magharibi), NCCR-Mageuzi 1 (Mbatia, Vunjo).
2020: CCM 9.

Mtu akikusanya kura za Chadema za 2015 mkoa mzima bila kujua UKAWA (muungano wa vyama vya upinzani, Chadema na NCCR wakiwemo), anapotea. Vyama vile viligawana majimbo, na Vunjo waliachiwa NCCR. Kura za Chadema kuwa chini mkoani ukilinganisha na kura za urais za Lowassa, mgombea wa UKAWA, haimaanishi watu waligawa kura. Kwa 2015 weka safu ya ziada ya "mgombea wa UKAWA", na ile ya chama ibaki kama ilivyo.

Kingine, viti vinatia chumvi. Kutoka 2 hadi 9 si kwamba kura za CCM zilipanda kwa kiwango hicho hicho. Mshindi anachukua jimbo lote, basi mabadiliko ya wastani yaliyoenea kila jimbo yanaweza kupindua viti vyote. Ndiyo maana jedwali la viti bila kura ni nusu ya habari.

#6
Viti maalum visiingizwe humo. Vinagawiwa kwa kura za ubunge za nchi nzima, kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5 ya kura halali. Mbunge wa viti maalum anayetokea Same si kiti cha kumi cha Kilimanjaro.

#7
Majimbo yanayokosekana yawekewe alama, yasiachwe wazi wala kuandikwa sifuri. Mgombea akifariki kabla ya siku ya kura, uchaguzi wa jimbo unaahirishwa. Mwaka 2015 Tanga ilikuwa na mawili ya hivyo, Lushoto na Handeni Mjini. Arusha Mjini ilipiga kura 13 Desemba, Lema akashinda. Aliyefunga hesabu ya mikoa hiyo mwisho wa Oktoba ana jedwali lenye mapengo.

"Bila kupingwa" nayo ni alama yake. Mwaka 2020 walipita wengi namna hiyo, hakuna kura za kuingiza. Sheria ya uchaguzi Na. 1 ya 2024 imeleta kura ya ndiyo au hapana kwa mgombea pekee, hivyo kuanzia 2025 safu mbili hizo ziwepo.

#8
Na tarehe ya jedwali iandikwe juu kabisa. Siha 2015 ni Mollel wa Chadema. Alijiuzulu Desemba 2017 akahamia CCM, akashinda uchaguzi mdogo wa 17 Februari 2018. Orodha ya 2015 na orodha ya wabunge wa 2019 haziwezi kufanana, na zote ni sahihi kwa tarehe zake.

Majina pia hubadilika. Nchi ilikuwa na majimbo 264 mwaka 2020, 2025 yakawa 272. Nkenge ikawa Missenyi, Buyungu ikawa Kakonko. Ukiacha programu iunganishe miaka kwa jina la jimbo, itaonyesha moja limekufa na jingine limezaliwa. Lipe kila jimbo namba yake ya kudumu kisha unganisha kwa hiyo. Lililogawanywa kama Chato usililinganishe na zamani moja kwa moja: jumlisha vipande vyake kwanza.