Naomba ushauri wa kutengeneza programu za simu: nibaki na lugha ya Java, au nihamie Kotlin au Flutter?

Habari zenu wakuu. Nipo Moshi. Nimetengeneza kwa Java programu ya simu ya kuwasaidia wakulima wa kahawa wa Kibosho kuweka kumbukumbu za kilo walizopeleka chamani na malipo waliyopokea. Mama yangu ni mkulima, nimemwona akihangaika na stakabadhi zilizopotea, ndiyo maana kazi hii iko moyoni.

Tangu Google I/O ya Mei 2025, mkutano wa Google kwa watengeneza programu, sijatulia. Walionyesha jinsi ya kutumia Gemini Nano, akili bandia yao ndogo, ndani ya simu yenyewe, bila intaneti. Huku juu mlimani, mtandao unapokatika, ingefaa mno. Lakini inataka simu za bei kubwa, na wakulima wangu wengi wana simu za RAM ya 2GB. Hiyo nimeiweka kando.

Kinachonisumbua ni lugha ya kuandikia programu. Google waliipa Kotlin kipaumbele kwenye Android tangu 2019, na 2024 wakaunga mkono Kotlin Multiplatform, yaani msimbo mmoja kutumika Android na iPhone. Flutter, zana za Google za kutengenezea programu, nayo inafanya hivyo. Mliohama kutoka Java, iliwachukua muda gani? Na kwenye simu dhaifu ipi ni nyepesi?

Halafu Play Store: akaunti mpya ya mtu binafsi, ukishalipa dola 25, inadai watu 12 wa kuijaribu programu kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuchapisha. Nimepata saba tu. Wa Moshi na Arusha wenye simu za Android, tafadhali nishikeni mkono.